Kuandika mfululizo wa vitabu vya watoto kuhusu tumbili mtundu: mwongozo kamili kutoka Tanga

Kwa watoto wa Muheza, Pangani na vijiji vinavyolizunguka jiji la Tanga, tumbili ni jirani. Anashuka mchana kwenye mahindi, anachungulia jikoni mama akiwa kisimani, anakaa juu ya mwembe na kuangusha maembe aliyoyauma mara moja tu. Wengi wao wamewahi kutumwa shambani kumwinga. Wape watoto hao kitabu kizuri kuhusu tumbili, watakisoma mpaka jalada ling'oke. Wape kibaya, watajua kufikia ukurasa wa pili kwamba aliyekiandika hajawahi kumtazama tumbili hata siku moja.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi, mkutubi au kijana yeyote anayetaka kuandika mfululizo: vitabu vinne, sita au kumi vyenye mhusika mmoja ambaye mtoto atamfuata toka kimoja hadi kingine. Kila mahali nitatumia mfano wa kubuni, tumbili mdogo ninayemwita Kodo. Jina ni fupi, lina silabi mbili nyepesi, na linamkumbusha mtoto macho yaliyokodoka. Wako mbuni wewe.

Kuna jambo moja linalotawala hatua zote. Hadithi nyingi tunazowaandikia watoto humwacha mtundu acheze kurasa kumi, kisha humwadhibu ukurasa wa mwisho, naye hulia na kuahidi kutorudia. Msomaji anaiona fimbo ikija tangu mbali. Kwa kitabu kimoja jambo hilo linachosha. Kwa mfululizo linaua, kwa sababu tumbili aliyetubu mwisho wa kitabu cha kwanza hana kazi katika kitabu cha pili. Kodo hatubu. Ukilikubali hilo sasa, mengine yote yatakaa mahali pake.

Hatua ya 1: Chagua mnyama mmoja, kisha kamtazame

Mkoa wa Tanga una jamaa kadhaa wa ukoo huu, na usiwachanganye. Mbega, mweusi mwenye manyoya marefu meupe, yuko kwenye misitu kama ya Amani huko Usambara Mashariki, ambayo imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Chakula chake kikubwa ni majani, mkono wake hauna kidole gumba cha maana, na mtoto wake huzaliwa mweupe pe. Ni mzuri mno kwa picha, lakini hutumia muda mwingi akiwa ametulia tuli juu mtini, na mhusika wa kutulia atakuchosha wewe mwenyewe kufikia kitabu cha tatu. Kima naye ni wa msituni. Nyani ni mkubwa, ana meno ya kuogofya, na watoto wadogo wa vijijini wanamwogopa kwa haki kabisa. Komba hutoka usiku na hulia kama mtoto mchanga, kwa hiyo vitabu vyake vyote vitakuwa vya giza. Sokwe mwache Gombe na Mahale, kule Kigoma. Hana hata mkia.

Amebaki tumbili. Anaishi ukingoni, pale msitu unapokutana na shamba na shamba linapokutana na nyumba, na hapo ndipo visa hutokea. Hutembea mchana, hula karibu kila kitu, na mtoto anaweza kumwona bila kulipa kiingilio.

Nenda na daftari, ukae mbali, umtazame asubuhi na jioni. Utaona uso mweusi wenye utepe mweupe juu ya macho, manyoya ya kijivu yanayoelekea ukijani, mwendo wa miguu minne. Mkia ni mrefu nao humsaidia kujiweka sawa anaporuka, lakini hauning'inizi. Jamaa wa ukoo huu wanaoshika matawi kwa mkia wako Amerika ya Kati na Kusini. Sisi hapa hatuna hata mmoja, na bado vitabu vyetu vimejaa tumbili wanaoning'inia kwa mikia kama mapazia. Ndizi nayo ni hivyo hivyo. Tumbili hula matunda ya porini, mbegu, maua, majani machanga, wadudu, mayai ya ndege, na ndizi huipata akiiba shambani. Kumchora kila mara na ndizi mkononi ni uvivu wa mchoraji na mwandishi.

Kuna mambo mawili ambayo ni hazina kwa mwandishi. La kwanza ni mifuko ya mashavu: tumbili hujaza chakula mdomoni haraka, akakimbia, akaenda kukila mahali salama. Fikiria kurasa ngapi za kuchekesha ziko ndani ya mashavu hayo. La pili ni milio yao ya kuonyana. Watafiti waliowachunguza tumbili wa Amboseli, Kenya, walionyesha mwaka 1980 kwamba wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, na kila mmoja huleta mwitikio wake. Wakisikia wa chui, hukimbilia mtini. Wa tai, hutazama juu au hujitupa vichakani. Wa nyoka, husimama kwa miguu ya nyuma na kuchungulia nyasini. Watoto wao hukosea: hupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, hata kwa jani linaloanguka. Kitabu kizima kiko hapo. Kodo anaona kishada cha watoto wa jirani, anapiga mlio wa tai, na kundi zima linajitupa vichakani, mama zake wadogo na shangazi zake wote wakiwa wamekasirika.

Usimlishe unapomtazama. Tumbili aliyezoea kupewa chakula hupora, huuma, na mwisho hupigwa mawe. Wala kwenye hadithi usimfunge kamba barazani kama kipenzi cha mtu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu mtu kujichukulia mnyamapori na kumfuga bila kibali, na mtoto huiga anachokiona kitabuni. Kodo ana mti wake na jamaa zake. Huja kijijini kwa miguu yake na kurudi kwa miguu yake.

Hatua ya 2: Andika daftari la sheria

Kabla ya hadithi yoyote, tenga daftari la mfululizo. Humo andika kila kitu ambacho hakitabadilika: umbo la Kodo, anachokipenda, anachokiogopa, nani anamjua kwa jina. Amua mapema kama anasema. Mimi nimeamua Kodo hasemi neno. Akisema yeye, itabidi na mbuzi aseme, na paka, na kuku, kisha utakuwa umeandika ngano ya zamani badala ya kitabu kuhusu tumbili na watu. Kwa kuwa hasemi, kila kitu kionekane katika matendo yake.

Ngano za pwani tunazipenda na hatuziachi. Kima aliyemponyoka papa baharini kwa kumwambia kwamba moyo wake ameuacha juu ya mti ni mmoja wa werevu wakubwa wa masimulizi yetu. Sungura hali kadhalika. Lakini wahusika hao hupanga: wana adui, wana hila, wana ushindi. Kodo hapangi chochote. Anaona kitu kipya, anakitaka, anakishika, na dunia inamgeukia. Ukimfanya apange hila dhidi ya mtu, amekuwa mwingine, na mtoto ataanza kumshuku.

Sheria za Kodo daftarini mwangu ni chache. Hamuumizi mtu kwa makusudi. Kila kisa kinaanzia kwenye hamu moja tu, ya kitu kimoja. Haponywi na mtu mzima, kwa sababu kila mara Zuhura, msichana wa miaka saba, ndiye anayefikiri na kupata njia. Kilichoharibika hutengenezwa kwa mikono ya mtu tunayemwona. Na hakuna kurasa za kumkanya. Madhara ya utundu yaonekane wazi, ya kweli, na mtoto aachwe ayapime mwenyewe. Watoto wa miaka sita wanaweza kazi hiyo kuliko tunavyowadhania.

Hatua ya 3: Chora ramani kabla ya hadithi

Kamata karatasi kubwa, uchore mahali pako. Mti wa Kodo, nyumba ya bibi, kisima, njia ya baiskeli, shule, kiwanja cha mpira. Kila kitabu kitatumia ramani hii hii, na mtoto akifika kitabu cha tatu atakuwa anakijua kijiji kuliko wewe. Nashauri kijiji chenyewe kiwe cha kubuni, ili asitokee mtu kusema umemwandika yeye, lakini kizungushie mahali pa kweli. Cha kwangu kipo upande wa mto Mkulumuzi, na huko watu wakisema wanakwenda mjini wanamaanisha Ngamiani, kwenye barabara zake za namba, au soko la Mgandini.

Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, kijiji cha pwani hiyo hiyo ya Tanga. Mkoa uliomtoa mtu huyo una watoto wengi wanaojifunza kusoma kwa picha za theluji na nyumba zenye dohani. Waandikie mkwaju, kawa, jamvi, mbuzi wa jirani, dafu, baiskeli zinazopishana barabara nzima kama ilivyo desturi ya Tanga. Usivieleze. Mtu hamwelezi mwenziwe nyumbani kwao.

Ramani ikishakaa, visa huja vyenyewe. Mapango ya Amboni yana popo, giza na mwangwi: Kodo anasikia mlio wake ukimrudia. Lori la machungwa ya Muheza limeharibika njiani. Uwanja wa Mkwakwani siku Wagosi wa Kaya wanacheza, na mpira umepotea. Mashamba ya mkonge, zao lililoingia Tanga mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, yana kamba ndefu za kuanikia singa nyeupe, na tumbili mmoja anayeweza kujifanyia ndevu. Hapo naongeza tahadhari: kisa kiishie kwenye kamba za kuanikia. Usimpeleke Kodo kwenye korona, mashine ya kutoa singa kwenye majani ya mkonge, wala kwenye mashine yoyote inayokata, hata kwa kuchekesha.

Hatua ya 4: Hesabu silabi

Hapa ndipo vitabu vingi vya Kiswahili kwa wanaoanza kusoma vinapoanguka, nami nitakaa hapa kidogo.

Kiswahili kinamsaidia mtoto kwa jambo moja kubwa: akishajua herufi na silabi, anaweza kusoma hata neno asilowahi kulisikia. Ugumu wake uko kwenye urefu. Neno moja linaweza kubeba sentensi nzima. "Alimkimbilia" ni neno moja, lakini lina silabi saba, na mtoto wa darasa la kwanza akifika ya tano amesahau ya kwanza. Kwa hiyo mwandishi anayejisifu kwamba sentensi zake zina maneno manne tu anaweza kuwa amempa mtoto mlima. Hesabu silabi za kila neno. Kwa darasa la kwanza, maneno mengi yawe na silabi mbili au tatu, ya nne yawe machache, na la tano liwe na sababu. Kwa darasa la pili legeza. Kwa darasa la tatu na la nne andika unavyopumua.

Angalia pia mikusanyiko ya konsonanti. "Kapu", "mti", "baba", "macho" ni mepesi. "Ng'ombe", "nywele", "mbwa", "chwa" yanataka mtoto aliyekwishafika mbali kidogo. Huwezi kuyakwepa yote, wala usijaribu, ila usiyarundike kwenye ukurasa mmoja.

Ukishavuka darasa la kwanza, tumia "-ka-". Ndiyo inayosukuma usimulizi wetu: *Akapanda. Akachungulia. Akachukua. Akashuka.* Kila sentensi inampa mtoto hatua moja na inamwomba inayofuata. Ukibadili ukaanza na "baada ya hapo aliamua kwamba", hadithi imekaa chini.

Halafu kuna utajiri ambao sijui kwa nini tunauogopa kwenye maandishi, na ilhali kwa mdomo tunautumia kutwa nzima: kuanguka *pu*, kutumbukia *chubwi*, kukatika *kacha*, kimya *jii*, kujaa *pomoni*, kulala *fofofo*, mweusi *ti*. Ni maneno mafupi, yanasomeka, yanachekesha, na mtoto huyapiga kelele kwa furaha. Weka moja katika kila jozi ya kurasa. Yachapwe kwa herufi kubwa kuliko mengine.

Tafuta na kiitikio kimoja cha mfululizo wote. Msimulizi wa zamani alisema "Paukwa!" watoto wakajibu "Pakawa!", na hadhira yote ikawa imeingia. Vitabu vya Kodo vina hiki: Zuhura anaita, *"Kodo, shuka!"* na mstari unaofuata daima ni, *Kodo akapanda zaidi.* Kufikia kitabu cha pili mwalimu atasoma nusu ya kwanza tu, darasa litamalizia.

Hatua ya 5: Gawa hadithi kwenye kurasa

Kitabu kinachofungwa kwa pini mgongoni lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne. Kurasa 24 zinatosha kabisa. Ukurasa wa 1 ni wa jina, wa 2 ni wa hakimiliki, hadithi inaanza wa 3, kisha una jozi kumi za kurasa zinazotazamana, kuanzia 4 na 5 hadi 22 na 23, halafu ukurasa wa 24 peke yake. Hivyo hadithi yako ina vituo kumi na viwili. Chora visanduku kumi na viwili kwenye karatasi moja na ujaze kila kimoja kwa sentensi moja ya nini kinatokea. Ukikosa cha kuweka kwenye sanduku la saba, hadithi yako haina katikati. Usianze kuandika.

Nionyeshe kwa kitabu cha kwanza cha Kodo. Bibi anauza vitumbua kando ya njia, amevifunika kwa kawa jekundu. Mwandishi wa haraka atamfanya tumbili aibe vitumbua. Kila mtoto ameshalikisia hilo kabla hujafungua mdomo. Kodo hataki vitumbua. Anataka kawa.

Analichukua, analivaa kichwani, linamfunika macho. Anakimbia bila kuona, anapita kwenye kamba ya nguo, kanga ya bibi inamwangukia na kumzunguka mwili mzima. Sasa njiani anakwenda kiumbe kifupi, kimejifunika kanga, kimeinama. Na Tanga ni mji wa adabu:

*Kaka Juma anapita.*
*"Shikamoo, bibi!"*
*Bibi hajibu.*

*Mama Rehema anapita.*
*"Shikamoo, bibi!"*
*Bibi hajibu.*

*Mwalimu anapita na baiskeli.*
*Mwalimu anashuka.*
*"Shikamoo, bibi!"*
*Bibi anaruka ukuta. PU!*

Katika kila picha mkia unaonekana ukichomoza chini ya kanga. Watu wazima wote hawauoni. Msomaji anauona tangu mwanzo, na hapo ndipo raha ilipo: mtoto anajua kuliko Mwalimu. Katika kila kitabu mpe msomaji wako jambo moja kama hilo, alijue kabla ya wakubwa wa hadithini kulijua.

Kufikia kurasa za 18 na 19 Zuhura anauona mkia. Anaita kiitikio, Kodo anapanda zaidi, akiwa na kawa na kanga. Kelele za watu hazisaidii. Zuhura anakwenda jikoni, anachukua mfuniko wa sufuria, anauelekeza kwenye jua. Mwanga unacheza ukutani. Kodo anautaka mwanga. Anaacha kawa, linaanguka, limetoboka. Kurasa za 22 na 23, bibi anakaa na ukindu, anashona kiraka, Zuhura ameshika upande mmoja. Hakuna hotuba. Bibi anapoteza asubuhi nzima ya biashara, na picha inaonyesha kapu la vitumbua halijauzwa hata nusu. Hayo ndiyo madhara, yako pale, na yanatosha. Ukurasa wa 24, Kodo yuko juu ya mkwaju, mfuniko mkononi, macho yamekodokea kengele ya baiskeli ya Mwalimu.

Linganisha na mwanzo wa aina hii: "Kodo alikuwa ni tumbili mtundu sana ambaye hakuwasikiliza wakubwa wake, na siku moja alijikuta katika matatizo makubwa." Sentensi hii imehukumu, imesimulia na imemaliza. Hakuna sababu ya kufungua ukurasa wa pili. Ukikuta neno "mtundu" kwenye matini ya kitabu chako, lifute na uonyeshe kitendo. Neno hilo liishie kwenye jalada.

Hatua ya 6: Wasomee watoto kabla hujatafuta mchoraji

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, au keti na watoto wa mtaani wazazi wao wakijua. Shika matini yako na michoro ya vijiti tu. Soma kwa sauti, polepole, na mwenzako akae pembeni awatazame wao. Aandike ukurasa ambapo mmoja alianza kucheza na kiatu chake. Ukurasa huo una kasoro, hata kama wewe unaupenda kuliko yote.

Kabla ya kugeuza ukurasa uliza, "Sasa atafanya nini?" Wakipatia wote, kisa ni chepesi mno. Wakikosa wote na wakashangaa bila kufurahi, hukuwaandaa. Baada ya hapo mwombe mtoto mmoja awasimulie wenzake hadithi nzima. Anachokiruka huenda hakihitajiki. Swali la "mmejifunza nini?" liache, kwa maana likiulizwa tu watoto huanza kukupa majibu ya mtihani na hutajua tena walichokipenda.

Hatua ya 7: Mchoraji

Andikianeni mkataba, hata kama ni mpwa wako. Uandike malipo, tarehe, nani anamiliki michoro, na itakuwaje kitabu kikichapwa tena au kikitafsiriwa. Kwa sheria ya Tanzania hakimiliki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo jambo mnaloliacha hewani leo watalirithi wajukuu.

Kwanza mlipe mchoraji kwa ukurasa mmoja wa Kodo peke yake: mbele, ubavuni, mgongoni, akikimbia, akiwa amejaza mashavu. Urefu wa mkia upimwe kwa kulinganisha na mwili, na rangi ziandikwe. Karatasi hiyo ikae kwenye daftari la sheria. Bila hiyo, Kodo wa kitabu cha nne atakuwa ndugu yake Kodo, na watoto wataliona jambo hilo kabla yako. Mchoraji mpeleke akawaone tumbili wa kweli. Ukubwa wa macho anaweza kuuongeza, mkia asiuguse.

Herufi ziwe kubwa, kuanzia pointi 20 kwa wanaoanza, na umbo la "a" liwe la duara kama wanavyofundishwa kuandika ubaoni. Maneno yasikae juu ya picha yenye majani mengi. Mwambie mchoraji aache nafasi tupu ya maneno tangu mchoro wa kwanza. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi na zizidi milimita 3 nje ya kila ukingo, ili kisu cha mchapaji kisiache mstari mweupe.

Hatua ya 8: Namba, ithibati na uchapaji

Hii ni kazi ya karatasi, ifanye kwa utaratibu. Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kila kitabu cha mfululizo kina yake. Hakimiliki yako huanza pale unapoandika, lakini kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi ukihitajika. Lugha unaweza kuipeleka BAKITA, baraza la Kiswahili lililoanzishwa 1967, ipate ithibati. Na ukitaka vitabu viingie darasani kama vya ziada, mlango wake ni Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kwa kuchapa mwenyewe, saizi ya A5 hupunguza upotevu wa karatasi. Ndani tumia karatasi nzito ya gramu 115 hadi 150, jalada gramu 250 au zaidi, maana kitabu hiki kitakunjwa, kitalaliwa na kitanyeshewa. Nakala chache zichapwe kwa mashine ya kidijitali. Ukifika mamia mengi, ofseti, yaani uchapaji wa mabamba, inashusha bei ya kila nakala. Daima omba nakala moja ya majaribio uishike mkononi kabla ya kuruhusu nyingine.

Njia nyingine ni kumtafuta mchapishaji. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa 1991, umekuza waandishi na wachoraji wengi wa vitabu vya watoto. Ipo pia African Storybook, maktaba ya mtandaoni yenye hadithi za lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni huria. Hapo pana uamuzi wa kufikiria sana: ukishatoa hadithi kwa leseni hiyo, yeyote anaweza kuichapa na kuitafsiri, na huwezi kuirudisha. Kwa kisa kimoja kinachojitegemea ni ukarimu mzuri. Kwa mhusika unayetaka kuishi naye vitabu kumi, shauriana kwanza na mchoraji wako.

Hatua ya 9: Andika cha pili na cha tatu kabla ya kuchapa cha kwanza

Sheria nyingi zisizofanya kazi hujionyesha kwenye kitabu cha pili. Huenda ukagundua Zuhura hana mwenzake wa kuzungumza naye, au mti wa Kodo uko mbali mno na njia, au kiitikio hakikai kwenye kisa cha pangoni. Kitabu cha kwanza kikiwa bado kwenye karatasi, unaongeza mdogo wake Zuhura na kuusogeza mkwaju. Kikishachapwa, umefungwa.

Pitia pia mambo yanayobaki. Kawa la bibi lilishonwa kiraka katika kitabu cha kwanza, kwa hiyo kiraka kiwepo katika kila kitabu kinachofuata, upande ule ule, rangi ile ile, hata kama hakitajwi. Mfuniko wa sufuria haukurudishwa, basi jikoni kwa bibi sufuria moja ifunikwe kwa sahani. Viandike vitu hivyo daftarini na uvisome pamoja na mchoraji kila mnapoanza kitabu kipya. Utakapopeleka nakala shuleni au maktaba ya mkoa, peleka vitabu viwili au vitatu kwa pamoja, uvifunge kwa uzi mmoja, kwa sababu mtoto atakayekuta kengele ya baiskeli kwenye ukurasa wa 24 atauliza cha pili siku hiyo hiyo.